Vidato 31: kwa baiskeli kwenye bonde la mvinyo la Wachau

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Watu wengi wanaopita bonde la Wachau kwa baiskeli huanzia Melk na kushuka na mto hadi Krems, upepo wa magharibi ukiwasukuma mgongoni. Mimi niliona kwenye ramani kwamba Krems ni saa moja tu kwa treni kutoka Vienna, nikakata tiketi bila kuuliza mtu. Ndiyo maana asubuhi ile ya mwisho wa Septemba tulikuwa tunanyonga baiskeli kuelekea juu ya mto, mimi na dada yangu wa Mombasa, upepo ukitupiga usoni. (Si dada wa tumbo moja. Tulikutana Vienna kwenye mafunzo ya miezi mitatu, Kiswahili kikatufanya ndugu kabla ya wiki kuisha.) Kila tuliyepishana naye alikuwa anakuja kwetu, ametulia kwenye siti, anatutazama kwa huruma.

"Kakangu," akaniambia hata kabla ya kilomita ya tatu, "hawa wote wenda kule. Sisi twenda wapi?"

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kupanda baiskeli kwa starehe. Baiskeli niliijua kama punda. Baba yangu ana shamba la zabibu nje kidogo ya Dodoma, upande wa barabara ya Iringa, na nilipokuwa sekondari kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kufunga kreti mbili kwenye keria ya Phoenix na kuziwahisha mjini zikiwa bado na ubaridi wa alfajiri. Ukichelewa zinapata joto, zikipata joto zinavuja, na zikivuja nyuki wanakusindikiza hadi sokoni kama bwana harusi. Kwa hiyo niliposikia kwamba Austria kuna bonde ambako mtu anaendesha baiskeli kutoka shamba moja la zabibu hadi jingine, anaonja, anashuka kwenye mahandaki ya mvinyo, anapanda kwenye magofu ya ngome, kisha jioni anapanda treni kurudi mjini, nilitaka kwenda kuona tu. Zabibu na baiskeli, bila kreti.

Wachau ni kipande cha mto Danube kati ya Melk na Krems, chini kidogo ya kilomita 40 kwa njia ya baiskeli. UNESCO waliliingiza bonde hili kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Njia ya baiskeli inapita pande zote mbili za mto, lami safi, na kwa sehemu kubwa haipandi wala haishuki. Kazi anayo mwenye upepo usoni, na wale walio kwenye baiskeli za umeme hawaijui hata hiyo. Tulipitwa na bibi na babu ambao nadhani wote walishavuka miaka 70, wanaongea na kucheka, pumzi wanazo. Mimi sikuwa na pumzi hata ya kuwaitikia salamu.

Krems imeungana na mji mwingine wa kale unaoitwa Stein, na wenyeji wana utani wao: "Krems und Stein sind drei Städte," yaani Krems na Stein ni miji mitatu. Mgeni anahesabu miwili, anahesabu tena, miwili. Fumbo liko kwenye neno "und", ambalo kwa Kijerumani ni "na". Und ni jina la mahali katikati ya miji hiyo miwili, palipokuwa na nyumba ya watawa. Dada alicheka hadi akashika breki.

Kucheka kukaisha mara moja, kwa sababu hapohapo Stein kuna gereza kubwa ambalo linatumika hadi leo. Siku ya 6 Aprili 1945, vita vikiwa ukingoni na majeshi ya Kisovieti yakikaribia, mkuu wa gereza aliamua kuwafungulia wafungwa, wengi wao wa kisiasa. SS, kikosi cha chama cha Hitler, na askari wengine wakaingia, wakawaua mamia, wengine ndani ya kuta na wengine barabarani wakijaribu kufika makwao. Mkuu wa gereza mwenyewe naye alipigwa risasi. Barabara hizo ndizo leo zinapita katikati ya mizabibu. Tulisimama kidogo, tukaendelea.

Baada ya Stein bonde linafunguka, kuna tambarare ya Loiben na zabibu pande zote. Hapa tarehe 11 Novemba 1805 jeshi la Napoleon lilipigana na Warusi na Waaustria. Na hapa ndipo mnyororo wangu uliponitoka. Aliyetukodisha baiskeli alikuwa ameniapia kwamba gia zote ziko sawa, na kweli zilikuwa sawa isipokuwa ile niliyoihitaji. Niliurudisha kwa mkono, nikajifuta grisi kwa majani ya mzabibu, na pale nilipoinama ndipo nilipoona mbegu za zabibu zilizokanyagwa kwenye lami. Trekta lilikuwa limepita muda si mrefu. Harufu ikanipeleka nyumbani moja kwa moja: utamu wenye uchachu kwa mbali, ile harufu ya kreti iliyokaa juani saa moja zaidi ya ilivyotakiwa.

Dürnstein unauona kabla hujafika, kwa sababu ya mnara wa kanisa uliopakwa rangi ya buluu na nyeupe, kama kikombe cha chai cha wageni kilichowekwa ukingoni mwa mto. Juu yake, mlimani, kuna magofu ya ngome. Dada aliuliza kama ni lazima kupanda. Nikamwambia humo alifungwa Richard Moyo wa Simba, mfalme wa Uingereza. Akasema, "Yeye alipelekwa kwa nguvu." Lakini alipanda, viatu mkononi, na akafika kabla yangu.

Kisa chenyewe kinafaa kusimuliwa barazani. Mwaka 1191, kwenye Vita vya Msalaba, wakristo waliuteka mji wa Akka. Leopold wa Tano, mtawala wa Austria, akasimika bendera yake ukutani kando ya bendera za wafalme, kudai fungu lake. Watu wa Richard wakaing'oa na kuitupa. Leopold akameza, akarudi kwake. Mwaka uliofuata, Richard akiwa njiani kurudi Uingereza, chombo chake kikaharibika, akalazimika kupita nchi kavu katikati ya ardhi ya mtu yuleyule aliyemtukana. Alijibadilisha mavazi, lakini Desemba 1192 alikamatwa karibu na Vienna. Leopold akampandisha Dürnstein.

Baadaye alikabidhiwa kwa Kaisari Heinrich wa Sita, fidia ikatajwa: mark 150,000 za fedha, mzigo ulioiachia Uingereza kodi za kukamua mpaka mafuta. Aliachiwa Februari 1194. Fungu la Leopold lilitumika kuimarisha kuta za Vienna na kuanzisha mji mpya wa Wiener Neustadt. Papa alimtenga Leopold na kanisa kwa kumkamata mpiganaji wa msalaba, na kabla mwaka huo haujaisha Leopold alianguka na farasi, mguu ukaoza, akafa. Kuna ngano pia ya mwimbaji aitwaye Blondel aliyezunguka ngome hadi ngome akiimba wimbo ambao Richard tu ndiye angeweza kuuitikia, mpaka sauti ikamjibu hapa Dürnstein. Ni ngano tu, lakini ukiwa pale juu na upepo unapita kwenye madirisha yasiyo na kuta unaelewa kwa nini watu waliipenda. Ngome yenyewe waliiharibu Waswidi mwaka 1645.

Kule juu, hata hivyo, macho yangu hayakukaa kwenye ngome. Yalikwenda kwenye ngazi za mawe zilizojaa mlima mzima.

Mashamba ya Wachau yaliyo mtelemkoni yamekatwa ngazi-ngazi, na kila ngazi imeshikwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo. Jiwe linakaa juu ya jiwe kwa uzito wake na kwa akili ya aliyelipanga. Mvua ikinyesha, maji yanapenya katikati na ukuta hauanguki. Mchana mawe yanakunywa jua, usiku yanawarudishia mizabibu joto. Kazi ya ngazi hizi ilianza Zama za Kati, nyumba nyingi za watawa za Bavaria na Salzburg zikiwa na mashamba yao hapa, zikisafirisha mvinyo kwa mto. Mashine kubwa haiwezi kuingia. Mpaka leo mtu anapanda kwa miguu, anapogoa kwa mkono, anavuna kwa mkono, na ukuta ukibomoka anaurudishia jiwe moja moja.

Kwenye ukuta mmoja karibu na Weißenkirchen nilimwona mjusi wa kijani, kijani cha kung'aa kabisa, amejinyoosha juani. Huyo ana cheo hapa. Wakulima wa Wachau waliunda chama chao, Vinea Wachau, mwaka 1983, wakagawa mvinyo wao mweupe mkavu katika madaraja matatu kwa nguvu yake. Mwepesi kabisa, usiozidi asilimia 11.5 za kileo, unaitwa Steinfeder, jina la nyasi fulani laini kama unyoya. Wa kati unaitwa Federspiel, kutoka kwenye uwindaji wa kutumia ndege aitwaye kozi. Mzito, wa asilimia 12.5 kwenda juu, unaitwa Smaragd, zumaridi, na zumaridi ndiyo huyu mjusi: zabibu zake zinavunwa zikiwa zimeiva sana, kwenye kuta zilezile anakoota jua.

Sasa nifike Weißenkirchen, ambako ndiko safari hii ilikuwa inanipeleka bila mimi kujua.

Nje ya geti moja palikuwa na mti mrefu ulioinamishwa kuelekea barabarani, na kwenye ncha yake tawi bichi la msonobari. Hilo ni tangazo. Mwaka 1784 Kaisari Joseph wa Pili alitoa amri kwamba mkulima anaweza kuuza mvinyo alioutengeneza mwenyewe, nyumbani kwake, kwa bei anayoitaka na wakati anaoutaka. Tawi likining'inia, mlango uko wazi. Likishushwa, mvinyo umeisha au mwenye nyumba amechoka na watu. Mahali pa namna hii wanapaita Heuriger, neno lenye maana ya mvinyo wa mwaka huu. Unakaa kwenye benchi chini ya mti, unaletewa mkate na nyama baridi, na mvinyo unapimwa kwa sehemu ya nane ya lita.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, mikono yenye rangi ya mbao ya mninga, Kiingereza chake kizuri kuliko changu. Dada hanywi, akaagiza maji ya zabibu. Mimi niliomba Grüner Veltliner, zabibu inayolimwa zaidi hapa. Mama akaleta glasi, akatuambia tunuse kwanza.

"Kunusa si kunywa," dada akasema, akaiinua glasi yangu. Akafumba macho. Huyu ni mtu aliyekulia jikoni mwa bibi yake Mji wa Kale, anayejua kutenganisha iliki na mdalasini akiwa sebuleni. "Tofaa," akasema. Akanusa tena. "Na pilipili manga."

Mama yule akaweka trei chini. Akasema kuna wageni wanaokuja na vitabu na hawaipati. Kumbe si mfano wa maneno tu: ndani ya zabibu hii kuna kemikali iitwayo rotundone, na hiyohiyo ndiyo inayoipa pilipili manga ukali wake puani. Nadhani ni kwa ajili ya pua ya dada kwamba tulialikwa kushuka chini. Mimi nilikuwa nimesema tu kwamba baba ni mkulima wa zabibu, na kila mtu anayepita pale ana baba wa kitu fulani.

Wao wanaita Keller. Mimi naliita handaki, kwa sababu ndivyo lilivyo: tundu lililochimbwa ndani ya mlima, limejengewa dari ya upinde ya mawe. Kabla hajafungua mlango, mama alifanya mambo mawili. Alichukua kidude kidogo cha plastiki akakifunga kiunoni, akakitazama. Kisha akawasha mshumaa.

Zabibu zikichachuka, sukari inageuka kileo na hewa ya ukaa. Lita moja ya maji ya zabibu inatoa zaidi ya lita 40 za hewa hiyo, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala chini. Handaki lenye mapipa yanayochemka ni bwawa lisiloonekana. Zamani mkulima alishuka na mshumaa ameushika chini ya kiuno. Moto ukififia anageuka na kukimbia. Wapo ambao hawakuwahi. Siku hizi kuna feni na kuna kipimo, na mama alisema kipimo ndicho anachokiamini, kwa sababu kabla mshumaa haujazimika tayari hewa imekwisha kuwa mbaya. "Mshumaa ni wa babu," akasema.

Nikakumbuka koroboi. Baba alichimba visima alipokuwa kijana, na alitusimulia jinsi walivyokuwa wanateremsha koroboi kwa kamba kabla ya mtu kushuka. Ikizimika, hakuna anayeshuka siku hiyo.

Nilihesabu vidato: 31. Kwenye kidato cha 10 jasho lilikuwa limekauka shingoni. Kwenye cha 20 nilitamani koti. Chini palikuwa na ubaridi usiobadilika, ambao mama alisema ni uleule Januari na uleule Agosti. Mapipa makubwa ya mwaloni yalikuwa yamelala pande zote, na pembeni matangi ya chuma, ndani yake kitu kinanong'ona bila kupumzika. Ukuta ulikuwa mweusi. Nilidhani ni moshi, nikagusa: laini, mkavu, unabonyea. Ni ukungu unaoishi kwa mvuke wa kileo unaotoka kwenye mapipa, na wakulima hawaukwangui, kwani unaponawiri wanajua unyevu wa handaki uko sawa.

"Mahameli," dada akanong'ona. "Kama buibui la harusi."

Mwishoni kabisa, nyuma ya geti la nondo, palikuwa na chupa zimelala kwa safu zenye vumbi. Mama akachomoa moja, akaigeuza nione: Riesling ya 1990, mwaka alioolewa. Alisema nyingine za mwaka ule bado hajaamua atauza lini. Aliisema kama mtu anayesema hajaamua atafua lini. Bado hajaamua.

Hapa nisogee kando kidogo.

Dodoma hatuna baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo tunapogoa mara mbili na kuvuna mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka na tena mnamo Agosti na Septemba. Ukimwambia Mwaustria anafikiri unamtania. Yeye anavuna mara moja, na mvua ya mawe ya dakika kumi inaweza kumchukulia mwaka mzima. Kwa maana hiyo sisi ndio matajiri. Lakini mwaka niliokuwa kidato cha tatu, mnunuzi mmoja alimwambia baba avune Jumapili, lori litakuja Jumatatu. Tulivuna. Lori lilikuja Ijumaa. Siku nne kreti zilikaa chini ya mkwaju zimefunikwa kwa magunia tuliyokuwa tunayalowanisha, mama akifukuza nyigu kwa kanga, na chini ya kreti udongo ulikuwa umegeuka tope la zambarau. Yule bwana wa lori alichota tone, akaweka kwenye kipimo chake cha sukari, akatikisa kichwa, akakataa nusu. Nusu nyingine alitaja bei. Baba hakubishana. Angebishana na nini? Zabibu haisubiri, na aliyenunua alikuwa analijua hilo tangu Jumatatu.

Kuna majirani walioanza kukamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu, lakini mchuzi nao bila mahali pa baridi una siku zake.

Kwa hiyo niliposimama mbele ya zile chupa za 1990 sikuwa nawaza ladha. Nilikuwa nawaza Ijumaa ile. Mwenye handaki anaweza kumwambia mwenye lori arudi wiki ijayo, au asirudi kabisa. Na akiwa na tawi la msonobari getini hahitaji lori.

Nisije nikapaka rangi kupita kiasi. Si kila mkulima wa Wachau ana handaki. Wengi wadogo wanapeleka zabibu zao Dürnstein kwenye ushirika wa Domäne Wachau, ambao ni mali ya wakulima wenyewe. Na nchi hii imewahi kujiaibisha. Mwaka 1985 iligundulika kwamba baadhi ya wafanyabiashara wa mvinyo wa Austria walikuwa wanachanganya dietilini glikoli, kemikali ya viwandani, ili mvinyo hafifu uonekane mtamu na mzito. Soko la nje likaanguka karibu lote, la waovu na la wema. Sheria kali ikatungwa mwaka huohuo. Mama yule wa handaki alinionyesha kwenye kifuniko cha chupa utepe mdogo wa nyekundu-nyeupe-nyekundu wenye namba ya mtengenezaji. Nilipomuuliza wao waliuzaje mwaka ule, alijibu, "Hatukuuza. Tuliweka chini."

Tulipotoka nje jua lilituumiza macho. Alitupa chupa ya Sturm, mvinyo usiomaliza kuchachuka, wenye machujo, unaopatikana msimu huu tu. Kifuniko hakikazwi kwa sababu bado unachemka na chupa itapasuka. Nilionja: ni kama togwa iliyosoma Ulaya. Nikanywa kidogo, maana hata mwendesha baiskeli ana kikomo cha kileo kisheria hapa, na chupa ilibidi isafiri wima kwenye kapu la mbele. Ilinimwagikia magotini hadi Spitz, na nyuki wakaja. Nilicheka peke yangu.

Kabla ya Spitz kuna kanisa la St. Michael lenye vinyago saba juu ya paa. Wenyeji wanawaita sungura saba, na husema baridi moja theluji ilijaa hadi sungura wakawa wanakimbia juu ya paa, theluji ilipoyeyuka wakabaki huko. Ukitazama vizuri si sungura hata kidogo. Hakuna anayejali.

Spitz tulivuka mto kwa kivuko kisicho na injini. Waya mnene umevutwa juu ya Danube kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, kivuko kimening'inizwa hapo kwa kamba, nahodha anakigeuza kidogo kikae mshazari, na mkondo wenyewe unakisukuma. Unasikia maji tu. Dada alisimama mbele kabisa, ushungi unapepea.

"Na Likoni je?" nikamuuliza.

"Likoni maji yaenda yarudi," akasema. "Hapa yana shingo ngumu."

Na yana shingo ngumu kwa sababu watu waliyapigania. Miaka ya 1970 na 1980 kulikuwa na mipango ya kujenga bwawa la umeme ndani ya Wachau. Wenyeji wakapinga kwa miaka, wakashinda. Karibu Danube yote ndani ya Austria imefungwa kwa mabwawa. Sehemu inayotiririka huru ni hii na ile ya mashariki ya Vienna. Bwawa lingejengwa, kivuko hiki kingehitaji dizeli.

Ng'ambo ya kusini njia ni tulivu zaidi. Upande wa pili tuliiona Willendorf, kijiji ambako mwaka 1908, wakati wa ujenzi wa reli, wachimbaji walipata kisanamu cha mwanamke mnene cha sentimita 11, cha zamani kufikia miaka 25,000 hadi 30,000. Tulikuwa tumeshakiona kwenye makumbusho ya Vienna, ndani ya chumba chake peke yake, na dada hakutaka kusikia habari ya kuongeza kilomita. Utafiti uliotolewa 2022 ulionyesha kwamba jiwe lake huenda lilitoka kaskazini mwa Italia. Yaani kama ni hivyo, watu walilibeba kuvuka milima ya Alpi au kuizunguka, kwa miguu. Niliacha kulalamikia upepo kwa kama dakika tano.

Melk tulifika magoti yanatetemeka. Abasia yao iko juu ya jabali, ya manjano, kubwa kama kijiji: watawa wa Kibenedikto wapo hapo tangu 1089, na jengo la sasa lilichorwa na Jakob Prandtauer na kujengwa kuanzia 1702 hadi 1736. Kuna korido ya mita 196. Kuna maktaba ambayo ningekaa siku nzima. Kuna kanisa lenye dhahabu mpaka macho yanaomba pa kupumzika, na kwa kusema kweli sikuweza kuipokea. Nilikuwa bado nina weusi wa ule ukuta kwenye kidole.

Nikiwa kituoni nasubiri treni nilimpigia baba. Kwetu usiku ulikuwa umeanza, nilisikia kuku wakigombania mti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamweleza yote, ngome na mfalme na kivuko, akaitikia kwa adabu. Nilipofika kwenye chupa za 1990 akaninyamazisha.

"Za mwaka gani?"

"Tisini, baba."

"Na hazijaharibika."

"Hazijaharibika."

Kimya. Dada alikuwa amelala kichwa kimeegemea baiskeli.

"Humo chini hewa si inakuwa mbaya?" akauliza.

Nikamweleza habari ya mshumaa. Akacheka, kicheko chake kile cha puani. "Kumbe koroboi!" Kisha akauliza wanachimba futi ngapi. Nikamwambia sikupima, ila nilihesabu vidato, ni 31, na kila kimoja ni kama shubiri moja, hivi.

"Shubiri yako au yangu?"

"Yangu, baba."

"Subiri," akasema, na nikamsikia anamwita mama amtafutie kalamu.